Maandamano Yenye Mgeni Rasmi

Katika nchi yetu ya Tulivuni, kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo. Hili si jambo la kubishania, ni utaratibu. Daraja la Mto Kele lilipokamilika lilifungwa utepe huku na huku, nasi tukaendelea kuvua viatu na kuvuka ndani ya maji, chini ya daraja lenyewe, mpaka mgeni rasmi alipopata nafasi. Wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya ilizinduliwa wakati watoto waliopaswa kuzaliwa humo wamekwisha kuanza shule, na mmoja wao ndiye aliyemvisha mgeni rasmi skafu. Watu wa nchi nyingine wakisikia habari hizi hucheka. Ni kwa sababu hawana wageni rasmi wa kutosha.

Mimi naitwa Isidori Mtandika, Mkurugenzi Mtendaji wa asasi isiyo ya kiserikali iitwayo Haki kwa Utaratibu. Kazi yetu ni kuandaa maandamano. Nasisitiza neno kuandaa, maana wapo wanaoandamana tu. Maandamano yetu yana maturubai, viti vyenye vitambaa, mshereheshaji, kikundi cha ngoma, soda, keki, na fulana zenye nembo ya asasi kifuani na nembo ya mfadhili mgongoni. Juu ya yote yana mgeni rasmi. Sijawahi kuandaa maandamano yasiyo na mgeni rasmi, na sidhani kama mtu aliyelelewa vizuri anaweza kufanya hivyo.

Nayaeleza haya ili ifahamike nilivyojisikia Sikitu Ngwale alipoanza kufanikiwa.

Sikitu alikuwa ofisa mradi wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika andiko la mradi. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba njaa haiandikwi njaa, inaandikwa changamoto ya lishe. Siku moja akaacha kazi, akaenda kufungua asasi yake kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, akaiita Chemka. Hana turubai. Hana mshereheshaji. Hata angekuja mgeni rasmi, asingepata pa kukaa. Lakini huyohuyo Sikitu, kila akitoka barabarani, polisi walimtupia mabomu ya machozi, tena mabomu mazuri kutoka nje ya nchi, wakati mimi na uzoefu wangu wote sijawahi kupigiwa hata filimbi.

*

Mambo yalianzia kwenye bomba la Kiguguma.

Kiguguma ni mtaa ulio nyuma ya machinjio ya wilaya. Bomba lake lilikamilika zamani. Maji yamo ndani. Ukiweka sikio unayasikia. Limefungwa kufuli, na juu ya kufuli umefungwa utepe, likimsubiri Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Pilimanga, aje alizindue. Mheshimiwa hakupata nafasi masika, akakosa nafasi kiangazi, na masika nyingine ikaingia. Watu wa Kiguguma waliendelea kuchota kwenye mfereji unaotoka machinjioni.

Mbele ya bomba hilo aliishi Bibi Yunis Mkalawa, muuza uji wa sokoni, pamoja na mjukuu wake Anyesi. Mama wa mtoto alikwisha kufariki. Siku moja Bibi Yunis akaja ofisini kwangu akiwa amembeba Anyesi mgongoni, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi sina maneno mengi. Nataka bomba lifunguliwe. Huyu mtoto tumbo halitulii. Akipata nafuu anakunywa maji ya mfereji, anarudi kulekule."

"Umefika mahali penyewe, Bibi," nikamjibu. "Tutaandamana."

"Lini?"

"Mara tukipata mgeni rasmi."

Mgeni rasmi aliyepatikana alikuwa Mheshimiwa Pilimanga. Najua kuna watakaouliza kwa nini nilimwalika mtu yuleyule tuliyekuwa tunamlalamikia. Ningemwalika nani? Yeye ndiye mkubwa wa wilaya. Kumruka kungekuwa utovu wa adabu, na asasi yetu haijasajiliwa kwa ajili ya utovu wa adabu.

Siku ilipofika watu wa Kiguguma walivaa fulana, wakapangwa kwa kimo, wakaandamana kutoka sokoni hadi bombani. Hapo walisimama juani wakimsubiri Mheshimiwa, ambaye alichelewa kwa kiasi kinachostahili cheo chake. Ngoma zikapigwa. Risala ikasomwa. Mshereheshaji akamwomba Bibi Yunis atoe neno, akatoa neno la kwanza, mshereheshaji akamkumbusha kwamba muda si rafiki. Ndipo Mheshimiwa akasimama.

"Itifaki imezingatiwa," akaanza, na watu wakapiga makofi kwa sababu hilo ndilo walilolielewa. "Ndugu waandamanaji, nimeguswa sana na hasira yenu. Ni hasira iliyopangika. Ni hasira yenye viti. Serikali yenu sikivu inaunga mkono maandamano haya, na mimi binafsi nalaani kwa nguvu zote mtu yeyote, awe nani, anayechelewesha bomba hili. Mtu huyo akipatikana, nitakuwa wa kwanza kumshangaa. Baada ya kusema hayo, natamka kwamba maandamano haya sasa yamezinduliwa rasmi."

Akakata utepe. Nasema utepe wa maandamano, niliouandaa mimi mwenyewe, mwekundu, uliofungwa kwenye miti miwili kando ya bomba. Akakata na keki, akamlisha Bibi Yunis kipande kwa niaba ya waandamanaji wote, na mpigapicha akaomba amlishe tena kwa sababu mara ya kwanza bibi alifumba macho.

Bibi Yunis akameza keki yake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kupishwa njia, "Mheshimiwa, mkasi unao mkononi. Na utepe mwingine ule pale."

Mheshimiwa akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akatazama ratiba.

"Bibi," Mheshimiwa akasema kwa upole, "uzinduzi wa bomba una siku yake. Siwezi kuchanganya shughuli mbili. Itakuwa ni kulidharau bomba."

Akapanda gari akaondoka. Tukagawa soda. Bibi Yunis alipewa ya kwake, hakuinywa, akampelekea Anyesi. Mimi nilirudi nyumbani nimeridhika, kwa kuwa hapakuwa na kiti hata kimoja kilichopotea.

*

Haikupita wiki, Sikitu akawachukua watu walewale wa Kiguguma, wengine wakiwa bado wamevaa fulana zangu, akawapeleka mpaka ofisi ya wilaya wakigonga sufuria. Hawakuwa na kibali. Hawakuwa na risala. Polisi wakawatupia mabomu, watu wakatawanyika, na Sikitu akaburutwa kwa mkono mmoja hadi kwenye gari.

Bomba halikufunguliwa. Naomba hilo lisisahaulike, kwa sababu watu wote walilisahau. Walichokumbuka ni picha. Magazeti ya huko mbali yaliichapa ukurasa wa mbele: Sikitu, macho mekundu, kitenge kimechanika begani, nyuma yake moshi mweupe. Ilikuwa picha nzuri. Niliitazama mpaka chai ikapoa. Nilimwonea wivu, na mchana wake nikashindwa kula.

Mke wangu, Mama Desideri, akadhani nina malaria.

"Siumwi," nikamwambia. "Hebu itazame hii picha. Huyu si nilimfundisha kazi mimi?"

"Kwani na wewe unataka kupigwa?"

"Sitaki kupigwa. Nataka niwe nimepigwa."

Mama Desideri akaondoa sahani. Yeye hajawahi kufanya kazi kwenye sekta yetu.

Jioni Waziri wa Utulivu akahutubia taifa kwa redio. Akasema ziko asasi zinazolishwa na mabeberu ili kuvuruga nchi, vibaraka wasio na haya, na akaitaja Chemka, na baada ya kumeza mate akaitaja tena. Nilikaa karibu na redio mpaka wimbo wa taifa ukaisha. Hakunitaja. Hebu fikiria uchungu wangu: mabeberu wenyewe ni walewale! Anayemlisha Sikitu ni Mfuko wa Marafiki wa Sauti, na anayenilisha mimi ni huohuo Mfuko wa Marafiki wa Sauti, kupitia mtu mmoja, Bwana Jorgen, ambaye amekula kwangu wali na kuku mara nyingi kuliko ndugu zangu. Mimi nimekuwa kibaraka kabla Sikitu hajamaliza shule. Halafu anatajwa yeye.

Bwana Jorgen alikuja kunitembelea wakati huo. Alijifunza lugha yetu vitabuni, kwa hiyo aliisema sawasawa kuliko sisi.

"Ndugu Isidori," akasema, "nimezitazama picha zenu. Naona keki."

"Ndiyo. Keki ya maandamano."

"Wenzangu wa makao makuu wanauliza kwa nini mkuu wa wilaya anamlisha keki mwanamke mnayemtetea."

"Ni mila yetu," nikamwambia, maana mabeberu wanaheshimu mila.

Akatikisa kichwa taratibu. "Sisi tunafadhili athari. Athari ni lazima ionekane. Mfuko hauna sera yoyote kuhusu moshi, naomba unielewe. Ila nimeona kwamba penye athari huwa pana moshi. Je, serikali imewahi kuwatuhumu?"

"Bado," nikasema. "Tunafuatilia."

Akaniambia kwamba mkataba wetu unakaribia kwisha, na kwamba atakuwa na huzuni kubwa kuona historia ndefu kama ile inaishia kwenye keki. Alipoondoka alipanda gari jipya lenye nembo ya Chemka. Walikuwa wamempa lifti.

*

Nilikwenda kumwona Mheshimiwa Pilimanga. Nilisubiri kwenye benchi na waombaji wengine, mmoja anaomba hati ya kiwanja, mwingine anaomba mwanawe ahamishwe shule. Zamu yangu ilipofika nikaeleza shida yangu bila kuzunguka.

"Mheshimiwa, naomba kutuhumiwa."

Mheshimiwa akacheka mpaka akavua miwani. "Wewe, Isidori? Wewe ni mtu wetu."

"Hata kidogo tu. Mniite kibaraka kwenye mkutano mmoja. Ama mnimwagie yale maji ya kuwasha."

"Yale ni machache. Tunamtunzia Sikitu."

"Sasa Mheshimiwa, ni haki hiyo? Mimi na yeye chungu chetu ni kimoja."

Akanikalisha vizuri, akanifafanulia sheria kama baba anavyomfafanulia mwanawe. Katika Tulivuni, mkusanyiko wenye mfadhili ni ghasia, na ghasia hutawanywa. Mkusanyiko usio na mfadhili ni wananchi, na wananchi, kwa mujibu wa Katiba, ni lazima wasikilizwe na watimiziwe haja zao.

"Ndiyo maana," akasema, "hatujawahi kukutana nao. Kila tukichunguza tunamkuta mfadhili. Ni bahati kubwa ya nchi hii."

"Na mikusanyiko yangu mimi je? Mfadhili si ninaye?"

"Unaye. Lakini una na mgeni rasmi. Hivyo viwili vinafutana, inabaki sherehe." Akanisindikiza hadi mlangoni, mkono begani. "Nikikufunga wewe, Isidori, nani atanialika?"

Nilitoka pale nikiwa sina hata pa kupeleka hasira zangu. Nje ya ofisi, ukutani, palikuwa bado na alama nyeusi za mabomu ya Sikitu, na watu walikuwa wanapiga picha mbele ya alama hizo.

*

Kisha Bibi Yunis akaharibu kila kitu.

Anyesi alikuwa ameshindwa kusimama. Asubuhi Bibi Yunis alitoka kwenda kumchotea maji mferejini, akafika nusu ya njia, akageuka. Akaingia jikoni kwake, akaling'oa figa moja likiwa bado na majivu, akavuka barabara, akalipiga kufuli la bomba mpaka likaachia. Utepe hakuukata. Aliusogeza pembeni, akakinga ndoo.

Hakuwa amemwambia mtu. Jirani akasikia maji, akaja na ndoo yake. Mwingine akaja na dumu. Mchana Kiguguma nzima ilikuwa pale, na fundi wa wilaya alipotumwa kurudisha kufuli, akawakuta wanawake wamekaa chini kulizunguka bomba, wengine wanaosha vyombo, wengine wanasuka nywele. Polisi wakaja na mabomu yao. Mkubwa wao, Inspekta Kabwela, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, akatafuta mtu wa kuzungumza naye akamkosa.

"Mkusanyiko huu wa nani?" akauliza.

"Mkusanyiko upi, baba?" Bibi Yunis akamjibu. "Sisi tunachota maji."

"Nani amewafadhili?"

Wanawake wakatazamana. "Ndoo ni zetu," mmoja akasema.

Hapakuwa na fulana. Hapakuwa na bango. Inspekta Kabwela akatembea kulizunguka kundi lile akitafuta nembo, akaishia kuomba maji ya kunywa, akapewa. Habari zikapanda kutoka wilayani hadi wizarani, na kule juu, nasikia, watu wazima walikosa raha. Mitaa mingine yenye mabomba yaliyosubiri utepe ilikuwa imeanza kuyatazama makufuli yake kwa jicho la pekee. Ikaundwa mara moja Tume ya Kumtafuta Mfadhili. Tume ikimpata, ile ni ghasia, bomba linafungwa. Ikimkosa, wale ni wananchi, na bomba linabaki wazi, pamoja na mengine yote yanayofanana nalo.

Wakati tume inatafuta, maji yalitoka. Anyesi akaanza kula uji. Mimi mwenyewe nilipita pale nikamwona mlangoni, miguu myembamba, anamwagia maji vifaranga na kucheka.

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa wilaya, nasi wote wa asasi tukaitwa. Wa kwanza alikuwa Sikitu. Kila mtu ukumbini alijua atasema nini. Sikitu amewahi kudai kwamba hata maandamano ya siafu ni yake.

"Wale si wangu," Sikitu akasema.

Mwenyekiti wa Tume akadhani hakusikia. Akamwomba arudie.

"Si wangu, Mheshimiwa. Ningefurahi sana wawe wangu. Lakini sikuwaambia, sikuwapa kitu, sikujua. Wale ni wenyewe."

Akarudi kukaa. Nilidhani amepata wazimu. Kisha mtu aliyeketi kando yangu akanisogezea gazeti, gazeti la huko mbali, nikaona ukurasa wa mbele. Si Sikitu. Ni Bibi Yunis na ndoo yake. Hapana moshi, hapana machozi, hakuna kitu chochote kilichochanika, na picha ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Chini yake waliandika kwamba Bwana Jorgen alikwenda Kiguguma kumwomba bibi huyo afungue asasi, naye akamwambia kama hana ndoo aondoke kwenye foleni.

Wivu niliokuwa nao kwa Sikitu ulikuwa wa kikazi. Huu wa Bibi Yunis uliniingia kwenye mifupa. Mwanamke hana ofisi. Hana katiba ya asasi, hana bodi, hana hata mhuri. Mimi nimetafuta ukurasa ule maisha yangu yote kwa adabu na utaratibu, yeye ameupata kwa figa.

Nikajikuta nimesimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "wale wanawake ni wangu."

Mheshimiwa Pilimanga, aliyekuwa mjumbe wa Tume, akanitazama kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyaona hata kwa mama yangu.

"Una ushahidi?" Mwenyekiti akauliza, huku kalamu yake tayari inaandika.

"Walikunywa soda yangu. Bibi Yunis alilishwa keki, picha ipo, na nembo ya mfadhili inaonekana nyuma. Kila walichokifanya walikifanya kwa nguvu ya keki ile."

Sikitu akageuka kwenye kiti chake. Hakupaza sauti. "Kaka Isidori, kaa chini. Wale watu wanakufa kwa maji ya machinjio. Nakuomba, kaa chini."

"Mnamwona," nikawaambia wajumbe. "Ana wivu."

*

Nilikamatwa vizuri sana. Walikuja askari wengi kuliko wale wa Sikitu, na nikamwomba aliyenishika anishike kwa mkono mmoja, akakubali. Waziri wa Utulivu alinitaja redioni, akanirudia, na alipofika mwisho wa hotuba akanikumbuka tena. Mama Desideri alinisimulia. Mimi sikusikia, nilikuwa mahabusu, lakini nilifurahi mpaka nikasahau kunguni.

Bomba la Kiguguma lilifungwa siku ileile, kufuli jipya, utepe mpya, na mlinzi. Bibi Yunis na wenzake waliletwa chumba cha pili kwa kosa la kupokea msaada wa nje. Kati yetu ulikuwepo ukuta wa mbao, na adhuhuri, askari walipokwenda kula, nikasikia sauti yake.

"Mkurugenzi."

"Naam, Bibi."

"Kawaambie si kweli."

"Bibi, mambo haya yana pande nyingi."

"Mimi naujua upande mmoja. Kufuli nililivunja mimi, kwa figa la nyumbani kwangu. Hukuwepo. Anyesi nimemwacha kwa jirani. Mlinzi wamemweka bombani, kwa hiyo anakunywa ya mfereji. Kawaambie tu si wewe, walifungue. Sitakudai kitu kingine."

Nilimwambia nitalifikiria. Na kweli nililifikiria, watu wasiseme sikulifikiria. Lakini siku iliyofuata Bwana Jorgen alikuwa anakuja na waandishi wa habari, na isingekuwa vizuri wamkute mfungwa ambaye hakufanya kitu.

Walikuja. Nilipigwa picha nyuma ya nondo. Bwana Jorgen alinishika mikono yote miwili, macho yake yamelowa, akasema makao makuu wameona athari. Mkataba ukaongezwa, na mradi mpya ukapatikana: Kuimarisha Sauti za Wanawake wa Kiguguma. Baadaye kidogo tuliachiwa sote, mimi na wanawake, kwa kuwa serikali ilikwisha kupata ilichokitaka. Nilipotoka nje nikamsubiri Bibi Yunis nimweleze habari za mradi. Alinipita anakimbia, viatu ameshika mkononi.

Anyesi alifariki Alhamisi.

*

Nilivaa suti nyeusi nikaenda kuzika. Nilitegemea kukuta watu wa mtaa ule na viti viwili vitatu. Nilikuta watu wamejaa kutoka makaburini mpaka barabara kuu, watu wa Kiguguma, watu wa mitaa yenye mabomba yaliyofungwa, watu wa ng'ambo ya Mto Kele ambao sikuwahi kuwapata hata nilipowaahidi nauli. Hapakuwa na turubai. Hakuna aliyewapanga na walikuwa wamepangika. Wanawake walikuwa wametembea tangu alfajiri kuleta maji safi ya kumwoshea mtoto, na Sikitu alikuwa miongoni mwao. Nilimwona amesimama karibu na kaburi, ndoo tupu miguuni, gauni limelowa bega zima. Hakuvaa fulana ya Chemka.

Niliutazama umati ule, kisha nikafunika uso kwa leso. Watu waliokuwa karibu nami walidhani nalia. Nilikuwa najiuliza amewezaje bibi yule, mara ya pili, bila andiko.

Katekista alikuwa anaomba dua ya mwisho. Mtu akanigusa kiwiko. Alikuwa Inspekta Kabwela, kofia mkononi, na nyuma yake, kwenye gari lililosimama kivulini, nilimwona Mheshimiwa Pilimanga ameketi, mkasi magotini. Sikuwahi kumwona na uso ule. Alikuwa anaogopa.

"Mkurugenzi," Inspekta akaninong'oneza, "Mheshimiwa anauliza. Hawa wana mwenyewe? Maana kama hawana, anasema leo hana namna, itabidi awasikilize. Atakwenda kulifungua sasa hivi, na yale mengine."

Bibi Yunis alisikia. Aligeuza kichwa akanitazama, akasubiri, kama alivyosubiri siku ile ya kwanza ofisini. Sikumtazama sana. Nilikuwa namtazama Sikitu, ambaye naye alikuwa ameinua uso upande wetu, na nikaona midomo yake inafunguka.

Nikamwahi.

"Ni wangu, afande," nikasema.

Sikitu alikuwa anaitikia amina.